Picha ya Mkulima Irudi kwa Mkulima

Mwaka 1956 marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alichora picha ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York. Heshima hiyo twaipokea. Hata hivyo, ndugu msomaji, yatupasa tujiulize: ni wakulima wangapi wa Muheza, Pangani au Lushoto waliowahi kuiona, japo kwa nakala ya karatasi?

Picha asilia hukaa mahali pamoja. Nakala zake zilizochapwa vizuri zaweza kukaa mahali elfu. Jean-François Millet, mtoto wa mkulima wa Normandy nchini Ufaransa, alipoonyesha mwaka 1857 picha ya wanawake watatu wakiokota masazo ya mavuno, wapo wakubwa wa Paris waliochukizwa kuona mafukara wamepewa ukubwa wa aina hiyo. Lakini nakala za kazi zake zilienea, na mwaka 1889 Vincent van Gogh alizitumia kuchora upya kazi za mashambani. Hivyo karatasi ilifika pasipofika picha yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mkulima anahitaji mbolea na bei ya haki, si picha. Ni kweli kwamba picha haijazi ghala. Lakini mtoto anayesoma chini ya ukuta wenye mandhari za ughaibuni tu hujifunza, bila kuambiwa, kwamba jembe la mama yake ni jambo la kuonewa haya. Hasara hiyo nayo ina gharama yake.

Wakati huohuo tujihadhari na picha za kubembeleza. Mkulima anayecheka daima katika shamba lisilo na jua kali ni tangazo la biashara. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893, na migongo ya manamba ndiyo iliyoubeba. Wachorwe wakata mkonge, wakwezi wa minazi wa Pangani na wachumaji wa machungwa wa Muheza, pamoja na jasho lao, uchovu wao na ushirikiano wao. Ntiro mwenyewe aliwachora watu wakifanya kazi pamoja.

Basi halmashauri zetu, shule na vyama vya ushirika, kuanzia Usagara hapa Tanga hadi vijijini, vitenge fungu dogo la kuchapisha na kutundika nakala hizo. Zichapwe kwa idhini, na warithi wa Ntiro, aliyefariki mwaka 1993, walipwe haki yao. Mchoraji naye ni mtenda kazi. Hatuwezi kumtukuza mvuja jasho ukutani huku tukimdhulumu mwenzake aliyemchora.