Kumhukumu Mtu kwa Macho Yake

BARAZA LA JUMAPILI
Na Bakari Mwinyihaji

Katika semina za siku hizi, ziwe za mawakala wa bima, ziwe za wagombea udiwani, ziwe za vijana wanaofundishwa namna ya kuomba kazi, haikosi kusimama mkufunzi akaandika ubaoni tarakimu tatu, 7, 38 na 55, kisha akaieleza hadhira yake, kwa yakini isiyotia shaka, ya kwamba katika kila analolinena mwanadamu maneno huchukua asilimia 7 tu ya maana, sauti huchukua 38, na uso huchukua zote zilizosalia. Watu huandika, hupiga makofi, na huenda zao wakiamini kuwa ulimi ni kiungo kisicho na kazi kubwa. Ingalikuwa kweli, mkufunzi huyo angaliweza kunyamaza akatukunjia na kutukunjulia uso kwa muda wa saa mbili, nasi tungaliondoka na sehemu iliyo kubwa ya somo lake. Na wafanyabiashara wetu waendao Uchina kununua mali wasingalihitaji mkalimani.

Asili ya hesabu hiyo yajulikana. Mwaka 1967 Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, alichapisha pamoja na wenzake tafiti mbili. Katika moja walitwaa maneno mojamoja, mengine ya mapenzi, mengine ya karaha, mengine yasiyoelemea huku wala huku, yakatamkwa kwa sauti za namna mbalimbali. Katika ya pili walitwaa neno moja tu, lile ambalo sisi tungesema "labda", wakawasikilizisha watu pamoja na kuwaonyesha picha za nyuso, wakawataka wakadirie iwapo msemaji ampenda anayezungumza naye au amchukia. "Labda" halina ndani yake pendo wala bughudha, na msikilizaji aliyenyimwa kila kitu kingine hana budi kushika sauti na sura. Kutokana na hayo ndipo ilipopatikana hesabu ile, ambayo Mehrabian aliieneza katika kitabu chake Silent Messages cha mwaka 1971, naye mwenyewe amebainisha ya kuwa yahusu hisia za kupenda na kutopenda, wala haiwezi kutumika pale mtu anapozungumza mambo yasiyokuwa hayo. Lakini tahadhari ya mwanazuoni haiuzi semina.

Sisemi kwamba ishara si kitu. Mtu aliyelelewa Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji profesa wa kumfundisha ya kuwa mwenzake aweza kumdhalilisha pasipo kutamka neno: atamfyonya, au atambetulia mdomo, au atampa kitu kwa mkono wa kushoto, na ugomvi utakuwa umekwisha kuzaliwa. Na yule bibi apitaye mbele ya baraza la jirani yake amejifunga leso iliyochaguliwa kwa makusudi, akaingia ndani bila hata kugeuza shingo, huyo amesema, na aliyekusudiwa amesikia. Ila tutazame vizuri leso yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojisifu kwa sifa isiyokuwa yetu. Leso ile ina jina, na jina limeandikwa kwa herufi. Ukiyafuta maandishi hayo hubaki maua na rangi, na jirani atalala usingizi wake bila kujua kwamba amepigwa kijembe. Hata ukimya wetu mashuhuri umeegemea maneno.

Miongoni mwa waliozichunguza ishara, mimi humtanguliza David Efron, mwanafunzi wa Franz Boas, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1941, wakati ambapo wanazuoni wa Ujerumani ya Hitler walidai kuwa namna mtu apungavyo mikono imo katika damu ya taifa lake. Efron hakuwajibu kwa hamaki. Alikwenda katika mitaa ya New York akifuatana na mchoraji, akawaangalia wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Ulaya Mashariki na Wataliano waliotoka kusini mwa nchi yao, akaona ya kuwa Wayahudi mikono yao haikwenda mbali na kifua, ikifuata mapindi ya hoja, na mara nyingine ikimshika msikilizaji nguo. Ilhali mikono ya Wataliano ilifunguka tangu begani, ikichora vitu hewani. Kisha akawatazama watoto wa jamaa hizo mbili, wale waliokulia miongoni mwa Wamarekani wengine, wala hakuiona kwao mikono ya wazee wao. Damu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni malezi na watu wa kuzungumza nao.

Lakini jambo lenyewe la kuinua mkono wakati wa kusema lina mizizi iliyoshuka chini zaidi ya ada. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walieleza katika jarida la Nature habari za watoto na vijana waliozaliwa vipofu, ambao katika umri wao hawajapata kumwona mtu akipunga mkono, nao wakisema hupunga, hata pale wanapozungumza na kipofu mwenzao. Nani basi anayepungiwa? Yaelekea mkono humtumikia msemaji mwenyewe kabla ya kumtumikia mtazamaji: ni pacha wa ulimi, huzaliwa pamoja nao katika fikra ileile, wala si jasusi aliyetumwa kuufichua.

Nalisisitiza hili kwa sababu imani ya ujasusi huo imekwisha kuingia katika vyumba ambamo riziki na hatima za watu hukatwa. Watafiti waliouliza swali moja katika nchi zaidi ya 50, kwamba mwongo hujulikana kwa nini, walipata jibu lililoyashinda mengine yote: huepusha macho. Dunia nzima yaamini hivyo, na dunia nzima imekosea, kwa kuwa tafiti zilizopima jambo hilo hazikuona uhusiano wa kutegemewa baina ya macho na uwongo. Na Charles Bond na Bella DePaulo, walipokusanya mwaka 2006 hukumu za watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kupambanua wakweli na waongo, waliona kwamba walipatia kwa wastani mara 54 katika kila 100. Mwenye kurusha sarafu angalipata 50.

Sasa mchukueni kijana aliyefunzwa kwao, tangu hajaota jino la pili, ya kuwa kumkodolea macho aliyemzidi umri ni utovu wa adabu. Huyo huitwa kwenye usaili, mbele ya wazee watatu wa makamo ya baba yake, akainamisha uso kama alivyolelewa, na wazee hao, ambao nyumbani wangalimkaripia mtoto wao kwa kufanya kinyume, humwandika kuwa hajiamini au ana analolificha. Nimeiona fomu ya usaili ya taasisi moja, ambamo kumtazama msaili machoni kumetengewa alama sawasawa na zile za ujuzi wa kazi. Alama hizo na zifutwe, na mahali pake aulizwe msailiwa swali moja zaidi juu ya kazi anayoiomba, ajibu kwa maneno, na wazee wamsikilize hadi amalize.