Tarehe 22 Desemba Ikisomwa Nandagala

Mpwa wangu ana daftari la tarehe. Kila siku ya mwaka kaitengea ukurasa, na humo ananakili anayoyasikia redioni na anayoyasoma kwenye simu za wakubwa: nani alizaliwa siku kama ya leo, nani alifariki, vita gani viliisha. Akishaandika kwa kalamu ya wino, kwake jambo limekuwa kweli. Likizo ya Desemba iliyopita alinikuta barazani hapa Nandagala, akafungua ukurasa wa tarehe 22, akasema, "Mjomba, leo ndiyo siku yetu. Soma."

Nilisoma. Mistari ilikuwa sita, na hakuna hata mmoja uliokuwa salama. Mtoto hana kosa, alinakili kama alivyopewa. Wenye kosa ni sisi wakubwa tunaopokea orodha za siku zilizoandikwa mbali, tukazisoma kwa sauti mbele ya watoto bila hata kutoka nje kutazama jua. Niliahidi kumjibu mstari kwa mstari, na leo natimiza ahadi.

"22 Desemba ni siku fupi kuliko siku zote za mwaka."

Huu tuliujibu kwa ufito. Nilimwambia akate mmoja wa mita moja, tukauchomeka wima uwanjani, mahali ambapo mkorosho hautupi kivuli. Tukakaa tukisubiri, yeye akiweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila kilipohama. Ilipofika saa sita na dakika ishirini na kitu, kivuli kiliacha kupungua. Akakipima kwa mkono: shubiri moja na ushei. Kisha akanyanyua uso, maana kivuli kilikuwa kimelala kuelekea kaskazini, upande iliko Kilwa.

Kikilala kaskazini, basi jua liko kusini yetu. Nandagala iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na siku hizi za Desemba jua huwa utosini kwa watu walio mbali zaidi kusini, nyuzi 23 na nusu, kwenye mstari unaokatiza kusini mwa Msumbiji. Sisi tumo upande ule ule linakokwenda jua. Kwa hiyo hapa kwetu mchana wa 21 au 22 Desemba ndio mrefu kuliko yote, saa 12 na dakika kama 40 hivi. London siku hiyo hiyo jua halikai juu hata saa nane. Aliyetunga mstari ule alikuwa ameketi huko kwenye baridi, na kwa dirisha lake alisema kweli. Sisi tulichukua maneno yake tukaacha dirisha.

"Na mwezi wa sita, Mjomba?" Nikamwambia kivuli kitageuka kiende kusini, upande wa mto Ruvuma, na kitazidi nusu mita. Na zipo siku mbili, karibu na 19 Oktoba na 22 Februari, ambapo adhuhuri ufito hautakuwa na kivuli kabisa. Haya hakuyanakili kwa mtu. Aliyachora mwenyewe, na mishale yake.

"Waziri Mkuu wetu Kassim Majaliwa alizaliwa 22 Desemba 1960, Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, Tanzania."

Kwenye mstari huu ndiko tulikokaa muda mrefu, kwa sababu kwa mtoto wa Nandagala ndio ulioufanya ukurasa kuwa wake. Mheshimiwa Majaliwa ni mtu wa kijiji hiki, na tarehe ni sahihi. Yaliyobaki karibu yote yanahitaji kurekebishwa.

Nianze na lililo jepesi. Hatukuwa tena na haki ya kuandika "Waziri Mkuu wetu" Desemba ile. Aliushika wadhifa Novemba 2015 na kuuacha Novemba 2025, karibu miaka kumi. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu, kisha mbunge wa Ruangwa tangu 2010, kisha naibu waziri TAMISEMI.

Sasa majina matatu ya mahali. Siku hiyo ya 22 Desemba 1960 hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililokuwa na maana tunayoipa leo. Tanzania haikuwepo. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ni wa 26 Aprili 1964, na hata jina lenyewe "Tanzania" lilikuja baadaye, Oktoba mwaka huo huo. Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971. Mwaka 1960 eneo hili lote, kuanzia pwani ya Lindi hadi huku bara, lilikuwa katika Jimbo la Kusini. Na Ruangwa kama wilaya inayojitegemea ni jambo la miaka ya 1990. Wazee wa hapa bado wanazungumza habari za kwenda "wilayani" wakimaanisha Nachingwea.

Kuna watakaosema huku ni kutafuta makosa madogo. Sikubali. Mtoto akiandika "Tanzania, 1960" anakuwa ameifuta nchi nzima iliyokuwepo. Siku ile Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mikononi mwa Uingereza. Gavana alikuwa Sir Richard Turnbull. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi kwa miezi isiyozidi minne, tangu Septemba, na bado alikuwa na Gavana juu yake. Hesabu siku kutoka 22 Desemba 1960 hadi 9 Desemba 1961 utapata 352. Ndizo siku ambazo mtoto aliyezaliwa siku hiyo aliishi chini ya bendera ya Uingereza. Ukiandika Tanzania, siku hizo 352 unazipoteza, na pamoja nazo unapoteza uzito wa mtu kuzaliwa chini ya gavana na kufika kuwa Waziri Mkuu akiwa na miaka 54.

Pembeni mpwa wangu alikuwa ameongeza, kwa penseli, "kiongozi mkubwa wa kwanza kutoka Kusini." Hilo tulilifuta haraka. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa 12 Novemba 1938, ni mtu wa Lupaso, Masasi, na alikuwa Rais kuanzia 1995 hadi 2005. Rashidi Kawawa, mtu wa Songea, alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru.

"Namibia ilipata uhuru 22 Desemba 1988."

Hapana. Siku hiyo New York, makao makuu ya Umoja wa Mataifa, ilitiwa saini karatasi, na waliosaini walikuwa Angola, Cuba na Afrika Kusini. SWAPO, chama kilichopigania nchi ile tangu 1960, hakikuwa miongoni mwa watia saini. Karatasi ilifungua njia ya kutekeleza Azimio namba 435 la Baraza la Usalama, ambalo lilikuwa limekaa tangu 1978 bila kutekelezwa. Utekelezaji ulianza 1 Aprili 1989, na siku hiyo hiyo yakazuka mapigano kaskazini mwa Namibia yaliyoua mamia ya wapiganaji wa SWAPO. Uchaguzi ukafanyika Novemba. Uhuru ni wa 21 Machi 1990, siku Sam Nujoma wa SWAPO alipoapishwa kuwa Rais mjini Windhoek. Anayeufanya uhuru wa Namibia kuwa kazi ya saini ya siku moja anawaondoa kwenye hesabu waliokufa kati ya saini na bendera.

Na hapa ningependa ukurasa wa mpwa wangu uwe na kitu ambacho orodha za mbali haziwezi kumpa. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walikuja na mradi wa karanga. Walifyeka mapori sehemu tatu za Tanganyika: Kongwa, Urambo, na hapa jirani, Nachingwea. Walijenga hata reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Karanga zilikataa, mradi ukavunjwa 1951, na reli nayo ikang'olewa baada ya uhuru. Lakini ardhi haikukaa bure. Kuanzia miaka ya 1960 Kongwa ilipokea wapigania uhuru wa nchi kadhaa, SWAPO wakiwemo. Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO ya Msumbiji, na kiongozi wake Samora Machel aliishi na kufundisha pale. Kwa hiyo ule mstari wa New York una mizizi kwenye mashamba ya karanga yaliyoshindwa, na shamba moja kati ya hayo mtoto wa Ruangwa analifikia kwa basi.

"22 Desemba 1987 Mugabe na Nkomo walipatana na Zimbabwe ikapata amani."

Tarehe ni sahihi, na Wazimbabwe wanaiadhimisha kama Siku ya Umoja. Lakini neno "walipatana" limefunika kaburi. Tangu 1983 Brigedi ya Tano ya jeshi la serikali ilikuwa imeua maelfu ya raia Matabeleland, eneo lililomuunga mkono Joshua Nkomo. Nkomo alisaini akiwa amechoka na kubanwa, na chama chake cha ZAPU kikamezwa na ZANU ya Mugabe. Mwaka uliofuata msamaha ukatolewa kwa waliotenda, na jamaa wa waliouawa wakabaki bila wa kumuuliza. Wapiganaji wa ZANU walifunzwa katika ardhi yetu, Mgagao kule Iringa. Tunastahili kuisimulia habari yao yote, hata pale inapouma.

"22 Desemba 1938 mwanasayansi alimvua samaki aliyetoweka miaka milioni 70."

Aliyemvua hakuwa mwanasayansi. Wavuvi wa meli iitwayo Nerine, ya nahodha Hendrik Goosen, walimpata kwenye wavu karibu na mto Chalumna, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyetunza jumba dogo la makumbusho mjini East London, alimtoa kwenye lundo la samaki bandarini, akamchora na kupeleka mchoro kwa Profesa J. L. B. Smith. Kuhusu tarehe vitabu vinagongana. Vingine vinasema 22, vingine 23 Desemba.

Wala hakuwa ametoweka. Alikuwa ametoweka kwenye vitabu. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimpata mara mojamoja kwenye mishipi yao na walikuwa na jina lake, gombessa. Mwaka 1952 samaki wa pili aliyewafikia wataalamu alitoka huko huko kwa Wakomoro. Sisi tunamwita silikanti, na ni wa kwetu pia. Mwaka 2003 wavuvi walimnasa karibu na Songo Mnara, wilaya ya Kilwa, ndani ya mkoa huu huu wa Lindi. Mpwa wangu alishangaa zaidi nilipomwambia kwamba mifupa mikubwa ya dainosaria iliyosimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na waliochimba na kuibeba kichwani hadi bandarini walikuwa watu wa huku. Jamaa wa zamani wa silikanti waliogelea nyakati za dainosaria hao. Mkoa mmoja umetoa mifupa ya waliokwisha na mwili wa aliyebaki.

"Waliozaliwa 22 Desemba huwa na akili ya hesabu."

Hili limetokana na mtu mmoja, Srinivasa Ramanujan, bingwa wa hesabu aliyezaliwa India siku hiyo mwaka 1887. Siku hiyo hiyo, mwaka 1858, Italia alizaliwa Giacomo Puccini, mtunzi wa opera, na hakuna aliyewahi kumtaja kwa hesabu. Duniani leo huzaliwa watoto zaidi ya laki tatu kila siku. Tarehe haiwapi kipaji. Ramanujan alikipata kwa kukesha na kitabu cha hesabu na kibao cha kuandikia.

Tulipofika hapo mama yangu, ambaye kwa mtoto ni bibi, alikuwa ametusikiliza kimya akipeta ufuta. Mpwa wangu akamgeukia. "Bibi, wewe ulizaliwa tarehe gani?"

Kitambulisho chake kimeandikwa 1 Januari, kama vya wazee wengi waliofika dirishani bila tarehe wakaandikiwa ya mwanzo wa mwaka. Yeye hakukitaja. Alisema alizaliwa mwaka ambao matrekta ya karanga yalifika Nachingwea, watu wakienda kuyatazama kwa miguu.

"Mvua zilikuwa zimeanza?"

"Zilikuwa zimeanza, mjukuu wangu. Mama alikuwa anapanda mtama. Alirudi kutoka shamba na uchungu."

Mtama huku hupandwa Desemba, na wengine huchelewa hadi Januari. Mpwa wangu alifikiri kidogo, akafungua tena ukurasa wa tarehe 22, akapiga mstari chini ya yote tuliyorekebisha. Halafu akaandika kwa penseli, siyo kwa wino: "Huenda na Bibi. Mvua zilikuwa zimeanza."