Rahisi huvunja upishi: funzo la Circuit City kwa mapatroni wa Kivu

Mfanyakazi anayejua kazi yake si mzigo wa duka. Patroni anayemfukuza kwa sababu eti analipwa sana anajikata mkono wake mwenyewe, kisha anashangaa kuona biashara inavuja damu. Mwenye kubisha aangalie yaliyoipata Circuit City huko Marekani.

Kampuni hiyo ilianza kama duka moja tu. Mwaka wa 1949, Samuel Wurtzel alikuwa ameketi kwa kinyozi mjini Richmond, jimbo la Virginia, akasikia kwamba televisheni imeanza kuingia eneo lile la kusini. Akafungua duka la kuuza televisheni. Miaka ya 1970 mtoto wake Alan alichukua uongozi wakati biashara ilikuwa karibu kuanguka, akaisimamisha tena. Mwaka wa 1984 kampuni ikachukua jina la Circuit City. Iliendelea kukua mpaka ikawa na mamia ya maduka makubwa yanayouza televisheni, radio, frigo, kompyuta na simu.

Nguvu yake ilikuwa watu. Mteja aliingia bila kujua tofauti ya kifaa hiki na kile, muuzaji akamweleza mpaka akaelewa. Kwa kila kifaa alichouza, muuzaji alipata komisheni, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kujifunza na ya kubaki. Mwaka wa 2001, mwandishi Jim Collins aliiweka Circuit City kati ya kampuni 11 alizozisifu katika kitabu chake juu ya kampuni zilizotoka kwenye uzuri na kufikia ukubwa. Haikupita miaka minane, kampuni ile ikawa imezikwa.

Uharibifu ulitoka ndani. Mwaka wa 2000, viongozi waliacha kuuza frigo na mashine za kufulia, wakawaachia wengine soko hilo. Mwaka wa 2003 walifuta komisheni na kuwaondoa wauzaji wapatao 3,900. Mwezi wa tatu mwaka wa 2007 walirudia tena: wafanyakazi wapatao 3,400 walifukuzwa kwa mara moja. Hawakuiba, hawakulala kazini. Kosa lao ni kwamba mshahara wao ulikuwa juu ya ule ambao kampuni ilitaka kulipa. Wakaambiwa kwamba baadaye wanaweza kurudi kuomba kazi, lakini kwa malipo madogo. Hiyo ni dharau, hata ikiandikwa kwa maneno mazuri ya ofisi.

Mteja aliporudi dukani, yule aliyejua kumjibu hakuwepo tena. Tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka wa 2008, kampuni ilikimbilia mahakama kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Tarehe 16 mwezi wa kwanza mwaka wa 2009, ilitangaza kwamba itafunga maduka yake yote 567 yaliyobaki Marekani. Watu wapatao 34,000 wakapoteza kazi. Mwezi wa tatu milango ikafungwa.

Wako wanaowatetea viongozi wale. Wanasema ni msukosuko wa uchumi wa mwaka wa 2008, au ni mshindani wao Best Buy, ambaye naye hakulipa komisheni. Lakini msukosuko ule ulimpiga Best Buy pia, naye akabaki wima. Na kama feza ilikosekana kweli, mbona Circuit City ilitumia mamia ya milioni za dola kununua hisa zake yenyewe katika miaka ileile ya kufukuza watu? Maduka mengi yalikuwa ya zamani na mahali pabaya. Kuyahamisha kulihitaji feza na uvumilivu. Viongozi wakachagua njia fupi, yaani kukata watu.

Kisa hiki si cha Virginia peke yake. Vifaa vya elektroniki vinahitaji tantali, na tantali hutoka kwenye koltani, jiwe linalochimbwa Rubaya, wilayani Masisi. Mchimbaji anayeshuka shimoni anahesabiwa kama gharama ya kupunguza. Upande mwingine wa safari ya madini hayo, muuzaji anayemkabidhi mteja kifaa anahesabiwa vilevile. Hesabu ni ileile, na anayeumia ni yule anayegusa kazi kwa mikono yake.

Hata Goma, Bukavu na Butembo, anayesimama dukani ni mtu wa maana. Mhami wa vita anapotoa feza yake ya mwisho kununua radio ya sola au simu ndogo, hana feza ya kununua mara ya pili. Anahitaji muuzaji anayejua betri ipi itadumu na ipi ni ya bandia. Akidanganywa, familia nzima inakosa habari za usalama na sauti ya ndugu waliobaki nyuma. Duka linalomwondoa muuzaji mwenye ujuzi ili kuweka yeyote wa bei ya chini linamwibia mhami huyo, hata kama risiti imeandikwa vizuri.

Basi patroni anayetaka kupunguza gharama aanze na safari zake, magari yake na bidhaa mbovu anazoagiza. Mshahara wa anayejua kazi uguswe mwisho, baada ya kukaa na wafanyakazi na kusikilizana. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Circuit City ilitafuta wapishi wa rahisi, na chungu chake kikapasuka mbele ya dunia nzima.