Uhaba wa nyumba usiwapofushe wanunuzi wa ploti

UHABA wa nyumba umegeuza mashamba mengi ya kahawa kati ya Ruiru na Thika kuwa ploti. Serikali imekuwa ikikadiria kwamba Kenya huhitaji nyumba mpya 250,000 kila mwaka, ilhali zinazojengwa ni takriban 50,000. Barabara Kuu ya Thika ilipozinduliwa 2012, wapangaji wa Nairobi walizidi kumiminika Kiuu na viungani mwake. Kwa mujibu wa sensa za 2009 na 2019, wakazi wa mji wa Ruiru waliongezeka kutoka 238,858 hadi 490,120.

Hata hivyo, uhitaji huo haumlindi mnunuzi, bali humharakisha. Wapo wanaolipia cheti cha hisa wakidhani ni hatimiliki. Sheria nayo huhesabu kuwa batili mauzo ya ardhi ya kilimo yasiyo na idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Aidha, Mahakama ya Juu iliamua 2023, katika kesi ya Dina Management, kwamba hatimiliki pekee haitoshi iwapo ilitolewa kinyume cha sheria.

Hivyo basi, kabla ya kulipa, mnunuzi hana budi kupekua sajili ya ardhi na kuthibitisha historia ya shamba lililogawanywa. Bei ikipanda, hasara ya asiyefanya hivyo hupanda nayo.