Kabla ya Kuukata Mguu



Wengi wetu tumekwisha kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa na kulisikia neno lile zito: mguu ukatwe. Hatumlaumu daktari alitamkaye, kwani mguu uliooza huweza kuua. Lakini twauliza: je, mishipa yenyewe imekwisha kuchunguzwa?

Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 aliyeanza kuoza vidole alikataa kukatwa mguu. Daktari Charles Dotter akapitisha waya mwembamba, kisha mirija, ndani ya mshipa wa paja lake, akapapanua mahali palipokuwa pamesongwa. Mguu ukapata joto, kidonda kikapona, naye bibi akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi alipofariki. Mwaka 1974, huko Zurich, Andreas Grüntzig akatumia puto mahali pa mirija ile. Siku hizi puto huingizwa kwa tundu dogo kinenani, likiongozwa kwa picha za eksirei. Likifika penye kizibo hujazwa, na pengine huachwa stenti ya kuuzuia mshipa usijifunge.

Tusidanganyane, hata hivyo. Mshipa uliozibuliwa huweza kuziba tena. Utafiti wa BEST-CLI wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mgonjwa mwenye veni nzuri ya mguuni hufaidika zaidi na upasuaji wa kuichepusha damu. Ule wa BASIL-2 wa mwaka 2023, uliohusu mishipa iliyo chini ya goti, ukaelemea upande wa puto. Wataalamu wangali wakijadiliana, wala si kazi yetu kuwaamulia.

Tudaicho sisi ni kidogo: kipimo kitangulie msumeno. Kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na lile la mkono hakuhitaji mashine kubwa. Uwiano ukiwa chini ya 0.9, damu haipiti vema. (Kwa wenye kisukari, ambao mishipa yao hukakamaa, kipimo hicho huweza kuficha ugonjwa, afadhali kidole gumba cha mguu nacho kipimwe.)

Basi, ndugu, ukiambiwa kwamba kesho mguu wa mzazi wako utaondolewa, muulize daktari kwa heshima kama damu ifikayo vidoleni imepimwa, na kama iko hospitali ya rufaa awezapo kuzibuliwa mshipa. Lakini akiwa na homa, na uozo unapanda, usimcheleweshe kwa maswali yetu haya.