Nilimwalika Panya, Akaja na Ukoo

KUCHELE
Na Bi Mshangani

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la fundi kompyuta kule Magomeni, hapa hapa Mtwara, jasho linanitoka, naangalia bando langu likiliwa. Nasema likiliwa kwa sababu sina neno jingine. Mtu akikuibia unapiga kelele, majirani wanatoka, angalau wanakupa pole. Hapa mwizi hakuwepo. Alikuwepo kijana mpole, kaniamkia vizuri, kanifutia benchi kwa kitambaa, na kidole chake kimoja kimegusa kitufe kimoja.

  

Kompyuta yangu ni ya mtumba, niliyoinunua msimu wa korosho mwaka juzi na ambayo mhariri wangu huisingizia kila safu ikichelewa. RAM yake GB 2, diski GB 32. Ilikuja na Windows, na Windows hiyo kila ilipotaka kujisasisha ilidai nafasi kubwa kuliko nyumba niliyoipa. Mpwa wangu anayesomea mambo hayo Dar akaniambia kwa simu, "Shangazi, ng'oa hiyo, weka Debian, juu yake uweke Xfce. Itapumua."

Xfce, kwa msiojua kama nilivyokuwa sijui, ni lile eneo-kazi unaloliona ukiwasha mashine: upau wa chini au wa juu, madirisha, picha ndogondogo za kubofya. Yako mengi ya aina hiyo, mengine mazito kama kabati la bibi harusi. Hili lilianzishwa mwaka 1996 na Mfaransa Olivier Fourdan, sifa yake ni wepesi, na nembo yake ni panya. Nikampenda papo hapo. Panya hali sana, nikasema. Panya nitamudu.

Basi fundi akaweka Debian tupu kutoka kwenye flashi yake, ikabaki skrini nyeusi yenye maandishi meupe. "Sasa mama, tunahitaji intaneti tuvute eneo-kazi." Nikamwashia hotspoti kwenye simu yangu. Bando la wiki, shilingi 10,000, nimelinunua asubuhi hiyo hiyo, hata halijapoa.

Akaandika mstari mmoja. Mashine ikafikiri kidogo, halafu ikamwaga majina. Majina, majina, majina, yanapanda juu kama siafu waliomwagiwa maji. Chini kabisa ikauliza kama tuendelee, na pembeni ya swali, ndani ya mabano ya mraba, kulikuwa na herufi mbili: [Y/n]. Yakitazameni hayo mabano vizuri. Y ni kubwa, n ni ndogo. Maana yake ukibonyeza Enta bila kuandika chochote, umekubali. Ndiyo imevalishwa kanzu na kukalishwa mbele, hapana imeachwa mlangoni na kandambili.

Mimi nikapapasa mkoba natafuta miwani. Nilipoivaa, kijana alikuwa ameshabonyeza.

"Baba, hivi vyote ni vya nini?"

"Ndivyo vinavyokuja navyo, mama. Ni vitegemezi."

"Naona hapa LibreOffice. Nimekuomba ofisi mimi?"

"Utaihitaji tu, mama."

"Na hii xsane?"

Akainama akaitazama, naye kwa mara ya kwanza. "Hiyo ya kuskani."

Skana sina. Nimewahi kuwa na shilingi, sijawahi kuwa na skana. Nikaendelea kusoma. Kicheza muziki kinachoitwa Quod Libet. Programu ya kuchoma sidii, na mashine yenyewe haina hata tundu la sidii. Kamusi ya tahajia ya Kiingereza cha Marekani, ije inisahihishie Kiswahili cha Shangani. Na kijiprogramu kimoja cha kuonyesha hali ya hewa ambacho, nilivyokuja kuambiwa na mpwa wangu, huchukua habari zake kwa taasisi ya hali ya hewa ya Norway. Nikitaka kujua kama mvua itanyesha Msimbati nimuulize Mnorwe, kwa bando langu, wakati dirisha liko hapo.

Nilikuwa bado nasoma simu ikalia. Ujumbe: bando lako limekwisha. Majina yakasimama katikati ya safari, kama abiria wa basi lililozima Somanga.

Kijana hakutahayari. "Mama, ongeza kidogo tu. Tumeshafika asilimia sitini."

Sikuongeza. Nikachukua mashine yangu, skrini nyeusi, nikaenda zangu nyumbani, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu hadi muuza pweza pale njia panda akaniuliza nimefiwa na nani.

Sasa nisikilizeni, maana jioni ile mpwa wangu alinieleza kwa subira ambayo mama yake hana. Programu hizo hufungwa kwenye vifurushi, na kila kifurushi hubeba karatasi ya masharti. Wenyewe Debian wamepanga masharti hayo ngazi kwa ngazi. Kipo kifurushi kinachotegemewa, ambacho bila hicho kazi haiendi. Kipo kinachopendekezwa. Kipo kinachodokezwa tu, ukipenda. Ngazi ya kwanza sina ugomvi nayo. Wali hauivi bila maji. Ugomvi wangu ni ngazi ya pili. Zamani apt-get, yule mchukuzi wao wa vifurushi, aliyaacha mapendekezo mlangoni mpaka uyaite. Kuanzia Debian 5.0, iliyotoka tarehe 14 Februari 2009, akaanza kuyaingiza ndani mwenyewe bila kubisha hodi. Ndiyo, siku ya wapendanao. Wengine walipewa maua.

Na sheria yao inaelezaje kinachopendekezwa? Inasema ni vile vitu ambavyo utavikuta pamoja na kifurushi chenyewe kila mahali, isipokuwa katika mazingira yasiyo ya kawaida.

Nikamwambia mpwa wangu arudie. Akarudia. Mazingira yasiyo ya kawaida. Mnaona tunavyoitwa? Anayelipia intaneti kwa mwezi bila kuhesabu, anavuta GB nzima akiwa anachemsha chai, huyo ndiye kawaida. Mtu wa Mtwara anayenunua data kama anavyonunua mafuta ya kula, kwa kipimo, ndiye asiye wa kawaida. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ikakatika Somanga tukakaa huku kama kisiwa. Baada ya wiki moja hivi, nyaya za chini ya bahari zikakatika nazo, intaneti ya nchi nzima ikawa inachechemea. Sisi hapa hatukushangaa sana. Bomba la gesi lililotoka kwetu Madimba kwenda Dar lina upana wa inchi 36. Kinachorudi huku kupitia simu yangu ni chembamba kama mrija wa soda.

Haya, nimeingiza gesi. Mhariri aliniwekea dau kwamba sitamaliza mwezi bila kuitaja. Ameshinda.

Jirani yangu, ninayemwita Mzee Makato, alinisikia nalalamika ukutani akacheka mpaka akakohoa. Yeye kila mwaka akipeleka korosho ghalani hurudi na karatasi na kalamu, anakaa barazani anapiga hesabu ya bei ya mnadani, halafu anapiga mistari: toa hiki, toa kile, toa na hiki ambacho hakijui hata jina. "Wewe umekatwa siku moja unapiga yowe," akaniambia. "Mimi nina mashamba mawili ya kukatwa." Nikamjibu kwamba makato yake angalau yana karatasi, na mwisho wa karatasi kuna pesa. Mimi nimepata skana ya mtu asiye na skana. Akanipa kochoho kidogo, yale mabibo makavu, nitulie. Zilikuwa ngumu kama msumari, lakini hasira inataka kitu cha kutafuna.

Lakini apt-get ni mashine, na mashine imeuliza. Imeuliza kwa ujanja wa herufi, sawa, ila imeuliza. Aliyejibu ni binadamu. Na huyu ndiye aliyeniudhi wiki hii kuliko Debian yote: fundi anayebonyeza Enta kwa niaba ya mteja. Anafanya hivyo kwa sababu moja tu, bando si lake. Angekuwa anavuta kwa vocha yake, angesoma yale majina kama wanafunzi wanavyosoma matokeo ukutani. Wapo watakaoniandikia kwamba fundi ana wateja wengi, hana muda. Muda wa kukaa nje anabishana Simba na Yanga anautoa wapi?

Alhamisi nikarudi. Kwake huyo huyo, ndiyo, maana fundi unayemjua ubovu wake ni nafuu. Safari hii nilikuwa na karatasi ya mpwa wangu mkononi na miwani puani.

"Baba, leo utaandika ninachokusomea."

Tukaanza na apt install -s. Hiyo s ni ya kuigiza: mashine inakuonyesha itakachofanya, haifanyi, haivuti hata punje. Tukaona orodha ya ukoo mzima. Halafu tukairudia amri na kuongeza maneno --no-install-recommends, na mbele yake xfce4 peke yake. Orodha ikasinyaa. Kijana akasogeza kiti. "Kumbe inawezekana," akasema, na kwa hilo nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja.

Sitawaficha kilichofuata, maana yuko msomaji wa Chuno ambaye nikificha kitu hunitumia ujumbe saa kumi alfajiri. Tulipomaliza na kuwasha, skrini ikawa nyeusi ti. Nikaita jina la Mungu. Nikampigia mpwa wangu. Kumbe xorg, ndiye mwenye kazi ya kuchora vitu kwenye skrini, naye kaorodheshwa kwenye mapendekezo. Nimewafukuza wapambe wote na mpiga ngoma nikamtoa humo humo. Hivyo ukikataa mapendekezo, unawataja kwa majina wale unaowataka: xorg, lightdm anayekaa mlangoni kuuliza nywila, network-manager-gnome ili ile alama ya intaneti ionekane, na fonti moja nzuri kwa macho ya mtu wa umri wangu. Tukawataja, wakaingia mmoja mmoja. Fundi akaanza kunung'unika kwamba njia ya Jumanne ilikuwa rahisi. Rahisi kwa nani, nikamuuliza. Akanyamaza.

Na kwa kuwa najua atasahau, nikamwambia aandike kwenye folda ya /etc/apt/apt.conf.d faili lenye mstari mmoja: APT::Install-Recommends "false"; pamoja na hiyo nukta-mkato ya mwisho, usiiache. Kuanzia hapo mashine yangu hailazishi mgeni ambaye sikumwita.

Panya akaja. Mwepesi, mkimya, upau mmoja juu, mmoja chini. Yote tuliyovuta siku hiyo hayakufika robo ya yale ya Jumanne, na Jumanne hatukumaliza. Kuandikia nimeweka kihariri kidogo cha maandishi, ndicho hiki ninachokitumia sasa. LibreOffice naijua na naiheshimu. Babu yake OpenOffice ndiye aliyefundishwa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, wakamwita Jambo OpenOffice, na siku hiyo nilijisikia raha. Nikimhitaji nitamwita mwenyewe kwa jina, siku nina bando la kumpokelea.

Ikabaki malipo. Kijana akachukua kitabu chake cha risiti, akaandika kwa mwandiko mzuri kweli, akanikabidhi. Ufundi, 20,000. Kupuliza vumbi, 5,000. Stika za kibodi, 3,000. Kifuko cha kompyuta, 8,000. Antivairasi, 10,000.

Kifuko kilikuwa tayari mezani, chekundu. Stika zilikuwa bado kwenye nailoni yake. Antivairasi sikuiona popote.

Nikavaa miwani. Nikachukua kalamu yake, nikaacha mstari wa kwanza, minne iliyobaki nikaipiga mkwaju mmoja mrefu, na pembeni yake nikaandika kwa herufi za kutosha: --no-install-recommends.

Akaisoma. Akaisoma tena.

"Lakini mama," akasema, "hivyo vingine nilikupendekezea tu."