Bulengera: nyanya ingoje, lengalenga itangulie

Kila mvua zinapoanza mjini Butembo, jambo ni lilelile katika viwanja vya Bulengera: familia iliyokimbia vita inapewa kona nyuma ya nyumba, inapanda nyanya, na kabla ya kuvuna majani yanakuwa meusi. Wengine wanasema udongo ni mubaya, wengine wanasema ni jicho la jirani. Mara nyingi ni milidiu.

Ugonjwa huo unapenda baridi na maji juu ya majani, na Butembo ina vyote viwili. Aliyelima kule Oicha ama Mangina, kwenye joto, hakuuzoea hivyo. Unaanza kwa madoa ya kahawia, chini ya jani kunatokea ukungu mweupe, na kwa siku chache mche umekwisha. Viazi vya Ulaya vinaugua ugonjwa uleule, kwa hiyo kupanda nyanya mahali viazi vilipotoka ni kuutafuta. Dawa ya Dithane inakinga jani ambalo bado ni zima. Lililokwisha kuoza haliponi. Na mama anayepuliza leo, kisha kesho anachuma, anawalisha watoto ile dawa. Kwa familia isiyo na franka za kupuliza tena na tena, nyanya ni kamari.

Lengalenga haina mambo hayo. Mwezi mmoja na siku kadhaa, mboga iko kwenye sahani. Puaro na shu pia vinavumilia baridi. Viwavi vya shu vinaokotwa kwa mkono asubuhi. Wale wadudu wadogo wanaojikusanya chini ya majani wanaoshwa kwa maji ya sabuni. Na kwa kuwa mji ni wa vilima, matuta yakingame mteremko, la sivyo mvua moja inapeleka mbegu kwa jirani.

Lakini kuna shida ambayo sabuni haiitoi. Mwenye kiwanja anatoa kona ikiwa kichaka, mgeni anaisafisha, anaweka mbolea, na mboga zikionekana anaambiwa mtoto wa nyumba anataka kujenga. (Mbuzi wa kuachiliwa, wao hata hawasemi.) Wenyeji wengi wamepokea watu kwa moyo, na hilo linajulikana, ila kona ya mwezi mmoja si msaada. Wapatane kabla ya jembe la kwanza: misimu miwili, nani anavuna nini, mbele ya mkubwa wa nyumba kumi, na iandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari la shule.